Pikipiki Iliyochelewa Kuruka

Fundi mmoja wa kompyuta aliitwa Feni, na jina hilo hakupewa kwa kuonewa. Kila mashine aliyoiunda kwa mikono yake aliijaza feni nyingi kuliko ilivyohitaji, na ukiiwasha unadhani jirani amewasha jenereta. Mwenyewe wala hakuona haya. Alisema mashine isiyopumua vizuri haifiki mbali, kisha akainama tena kwenye kazi yake, bisibisi sikioni, kama mtu aliyekwisha kujibu maswali yote ya dunia.

Duka lake lilikuwa mwisho wa korido, limebanwa na mtu wa fotokopi upande huu na muuza vifuniko vya simu upande ule. Ndani hakukuwa na pa kugeukia. Makasha matupu ya kompyuta yalipangwa hadi darini, waya zilining'inia misumarini, na mteja aliyetaka kukaa ilibidi kwanza aondoe kibodi mbovu kitini. Siku hizo wengi walimjia na swali lile lile: sebuleni niweke nini? Niweke kompyuta kamili ya michezo chini ya runinga, au kile kisanduku kidogo kinachoenea kiganjani, ambacho chenyewe hakichezeshi kitu ila kinavuta picha ya mchezo kwa waifai kutoka kompyuta iliyo chumba kingine?

Swali hilo lilimpandisha mori. "Kile ni dirisha," alikuwa akisema. "Mchezo uko kwingine, wewe unachungulia. Mtu mzima, kwenye kochi lako mwenyewe, unachungulia?" Mteja akileta ubishi kwamba mashine kubwa inapiga kelele, inatoa joto, na inataka kujisasisha siku ile ile wageni wamekuja, Feni alimsikiliza huku akifuta miwani, kisha akaanza upya mwanzo wa hotuba. Baadhi walinunua kwa sababu wameshawishika. Wengine walinunua ili wapate kwenda zao.

Nyumbani kwake alitenda alichohubiri. Chini ya runinga, mahali ambapo mkewe alikusudia kuweka kabati la vitabu, lilikaa jitu jeusi lenye kioo ubavuni na taa za bluu tumboni. Mkewe, mwalimu wa hesabu, alilivumilia jitu hilo kama mtu anavyomvumilia shemeji aliyekuja kwa wiki moja na haoneshi dalili ya kuondoka. Alilifuta vumbi, akalizunguka kwa ufagio. Siku lilipomngurumia wakati anasahihisha madaftari, alihamia jikoni bila kusema neno, ila jinsi alivyoufunga mlango, ujumbe ulifika.

Alilivumilia kwa ajili ya mzee.

Mzee, baba yake Feni, alikuwa mwendesha kreni. Maisha yake ya kazi aliyamaliza ndani ya kibanda cha kioo, juu kabisa ya maghorofa yanayojengwa, akishusha vyuma na matofali pale pale mpiga ishara wa chini alipoonesha, si kando yake. Alistaafu akiwa mzima wa afya. Kiharusi kilimkuta bafuni akinyoa ndevu, mjane tayari, kikamwachia ulimi wake na miguu yake lakini kikaondoka na mkono wa kulia. Feni akamchukua akae nao.

Daktari wa mazoezi alimpa mpira laini wa kufinya asubuhi na jioni. Mzee aliufinya kwa heshima ya daktari, na daktari alipotoka akausukumia chini ya mto. "Nimeinua tani na tani za chuma," alimwambia mkwewe, "leo napewa mpira nifinye. Nikimaliza watanipa na kayamba nitikise?" Daktari alipoambiwa hakukasirika. Alisema basi mtafutieni kitu chochote kitakachokitia hamu kidole gumba, maana kidole kisicho na hamu hakirudi.

Kitu hicho kilijitokeza chenyewe. Siku moja Feni alikuwa akijaribu mashine kwa mchezo wa pikipiki. Ni mchezo mwepesi kuueleza: pikipiki inakimbia yenyewe juu ya mapaa ya nyumba, na kila paa linapoisha unabonyeza kitufe kwa kidole gumba cha kulia, nayo inaruka hadi paa linalofuata. Ukichelewa kubonyeza unatumbukia uchochoroni, ukatua katikati ya nguo zilizoanikwa. Feni alitumbukia, mzee akacheka. Akatumbukia tena.

"Nipe hiyo," mzee akasema.

Pedi, yaani kile kishikio chenye vitufe, iliwekwa mapajani pake, na mkono wa kulia ukalazwa juu yake kama kitu cha kuazima. Mwanzoni hapakutokea kitu. Pikipiki ilitumbukia na kutumbukia, nguo za watu zikachafuka mtaa mzima. Kisha kidole gumba kikashtuka, kikabonyeza, pikipiki ikaruka. Mzee alikitazama kidole chake. Feni alikwenda jikoni akafungua bomba la maji ili asisikike akilia.

Tangu hapo mzee akawa na kazi. Ndivyo alivyoiita. Akishakunywa chai alichomekea shati, akajikokota hadi kiti cha mbele ya runinga na kusema, "Haya, acha niende kazini." Hakuegemea kama vijana wanavyoegemea. Alikaa wima, macho mbele, miguu imekanyaga sawasawa, na kila paa alilibonyezea ukingoni, si mapema, si baadaye. Mkono ukaanza kurudi, polepole lakini kweli. Kwanza ukashika kijiko. Baadaye ukafunga vifungo vya shati, kile cha juu tu ndicho kilichomshinda, na mzee alidai hata alipokuwa kijana kile cha juu hakikuwa na adabu. Nani angethubutu kulihamisha lile jitu?

Kisha akaja mtoto.

Alikuwa mtoto mzuri, mwenye mashavu, na mwenye usingizi mwepesi kupita kiasi. Ukuta wa chumba chake ulipakana na ule wenye runinga. Jitu likinguruma, mtoto anaamka. Akishaamka yeye, mama naye haonji usingizi. Na joto lilikuwa joto kweli, sebule yote ilinuka plastiki iliyochomwa jua. Mwalimu alivumilia mpaka uvumilivu ukamwishia, ndipo siku moja akasema kwa ile sauti ya chini ambayo wanafunzi wake waliiogopa kuliko kelele:

"Mume wangu. Mimi, mtoto, na lile jitu. Chagua wawili."

Feni alishinda dukani amefura. Lakini hakuwa mjinga, na mkewe alikuwa ameshaanza kukonda. Kwenye rafu ya nyuma kulikuwa na kile kisanduku, kimoja tu, alichokipata kwa mteja aliyebadilishana naye. Akakifuta vumbi, akakitia mfukoni. Nyumbani aliwakuta hawapo, wamempeleka mtoto chanjo, mzee naye amekwenda nao kunyoosha miguu. Jitu akalibeba hadi stoo, nyuma ya jiko, akaliweka katikati ya ndoo na mabegi ya safari. Chini ya runinga akaweka kisanduku. Akawasha, akacheza kidogo, akaruka paa hili na lile bila tatizo. Mkewe aliporudi alisimama mlangoni akishangaa. Alikuwa anaisikia saa ya ukutani kwa mara ya kwanza tangu aolewe, akamkumbatia mumewe na mtoto akiwa katikati.

Mzee alitazama mahali palipokuwa na jitu. "Iko wapi?"

"Iko stoo, baba. Inafanya kazi kule, huku tunaona tu."

"Ni ile ile?"

"Ni ile ile. Hakuna kilichobadilika."

Hapo ndipo alipoharibu. Tusimwonee, hakukusudia kudanganya. Alijua kama fundi yeyote anavyojua kwamba picha ikipitishwa hewani, ikavuka jiko na kuta zake, inachelewa kidogo, chini ya kupepesa jicho. Lakini yeye mwenyewe alikuwa amejaribu na hakuona kitu. Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo hangelikiri hata kwa bakora: alitaka kuamini kuwa amepata njia ya kumridhisha kila mtu bila kumpoteza yeyote. Maneno "hakuna kilichobadilika" yalimtoka laini kabisa.

Dukani akageuza mahubiri. Sasa kisanduku ndicho kilikuwa habari ya mjini. Hakina kelele, hakina joto, kinakaa nyuma ya picha ya harusi na hakuna atakayejua kipo. "Baba yangu mwenyewe anakitumia," aliwaambia wateja, "mtu aliyepooza mkono, na hajui hata tofauti." Mtu wa fotokopi alichungulia akiwa na karatasi mkononi.

"Feni, si juzi tu ulikuwa unasema ni dirisha?"

"Kioo kikiwa safi, utajuaje kama kuna kioo?" Feni akajibu, na korido yote ikacheka. Akauza visanduku kuliko alivyowahi kuuza mashine.

Nyumbani mzee alikuwa akitumbukia uchochoroni.

Mwanzoni alidhani ni kiti, akabadilisha kiti. Akafuta miwani. Akaomba betri za pedi zibadilishwe, Feni akazibadilisha haraka haraka huku anaongea na simu. Pikipiki ikazidi kutumbukia. Alibonyeza pale pale ukingoni, kama alivyozoea, na pikipiki ikavuka ukingo kwanza ndipo ikajitutumua, muda umeshapita. "Umechoka tu, baba," Feni alimwambia. Mzee alikubali kuwa amechoka. Akapunguza muda wa kazi. Halafu siku moja, baada ya chai, hakuchomekea shati. Aliizima pedi, akaiweka juu ya kabati na kwenda kukaa dirishani.

Aliyeona ni mwalimu. Aliona kijiko kimehamia mkono wa kushoto. Shati la vifungo nalo lilikuwa limeachwa, badala yake mzee akavaa fulana ya kupitisha kichwani. Akaona mzee akipokea glasi kwa kushoto huku kulia kumelala pajani, kiganja juu, hakiulizwi kitu. Ila siku aliyosikia mzee amempigia daktari wa mazoezi kumwambia asijisumbue kuja tena, alimchukua mtoto, akaenda kukaa karibu naye dirishani.

"Baba, kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama."

"Baba, mimi nafundisha watoto wa miaka kumi na minne. Hiyo 'hakuna kitu' naijua sura yake."

Mzee akatabasamu kidogo. Akamtazama mjukuu, kisha akatazama nje, mahali ambapo mtu alikuwa akishusha magunia kwenye mkokoteni.

"Kule kwetu juu," alisema, "kulikuwa na jambo hatukuandikiwa popote. Siku dereva akihisi mkono wake umechelewa, hangoji kuambiwa. Anafunga leva za kreni, anashuka ngazi, anampa msimamizi ufunguo. Hakuna anayemuuliza kwa nini. Na hakuna anayembembeleza arudi, kwa sababu chini kuna watu. Nimewaona wanaume wenye nguvu zao wakishuka asubuhi moja, wakavua kofia, basi. Mimi sikuwahi kushuka. Nilistaafu mkono wangu ukiwa sawa, na nilijivunia sana jambo hilo."

"Lakini ule ni mchezo tu, baba."

"Ni mchezo, ndiyo. Lakini unapima. Mwanzo nilikuwa nabonyeza na kitu kinaitika. Sasa nabonyeza, kinaitika baadaye. Mashine ni ile ile, mume wako mwenyewe kasema hakuna kilichobadilika. Sasa kama mashine haikubadilika, nani kabadilika?" Akaugeuza mkono wa kulia pajani kwa ule wa kushoto. "Ugonjwa unarudi. Sitaki kumtia hofu, ana mtoto mchanga. Mimi nimeshuka tu, kimya kimya."

Mwalimu hakuwa fundi, lakini alijua hesabu. Feni aliporudi kula mchana alimkuta amesimama jikoni, mikono kifuani.

"Baba yako ameacha kutumia mkono wake tangu sebule iliponyamaza," akamwambia, na kumweleza yote, neno kwa neno.

Feni alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Mambo yote yalimjia mara moja: kiti, miwani, betri, "umechoka tu, baba". Na juu ya yote ile hadithi yake ya dukani, mzee aliyepooza asiyejua tofauti, watu wakacheka. Kumbe mzee aliijua tofauti tangu siku ya kwanza, akaona heri ailaumu nyama ya mwili wake kuliko kulishuku neno la mwanawe. Feni aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani.

Akaenda kumweleza papo hapo, amechuchumaa mbele ya kiti. Kwamba kisanduku kinachelewesha. Kwamba mkono hauna shida. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akampapasa kichwa kwa mkono wa kushoto.

"Asante, mwanangu."

"Sikubembelezi, baba. Ni kweli."

"Hospitali uliniambia kesho natoka. Nikakaa wiki nzima. Drafti ukawa unaniachia nishinde mpaka nikakukamata unaficha kete. Wewe una moyo mzuri, najua." Akafikiri kidogo. "Juzi ulisema hakuna kilichobadilika. Leo unasema kimebadilika. Lipi nishike?"

Feni akainuka, akaenda kabatini. Alimletea pedi, mzee akaingiza mkono wa kulia chini ya mto wa kiti, taratibu, kama anauficha kitu kisivunjike. Alisema aliyeshuka hapandi tena, na mazungumzo yakaishia hapo.

Siku zilizofuata Feni alifanya kazi kama mtu aliyelogwa. Mteja akiuliza kisanduku, alisema vimekwisha, na huku vinaonekana rafuni. Wazo la kwanza lilikuwa kulirudisha jitu sebuleni na kumlazimisha mzee aone. Lakini mzee hakukubali hata kugusa pedi, angeona nini? Na mkono usiotumika, daktari alikuwa amesema wazi, husahau. Kila siku iliyopita bila kazi ilikuwa ikichukua kitu. Tayari kiganja kilianza kujikunja.

"Unamwambia, unamwambia," mkewe akasema. "Maneno yako kwake yameshuka thamani. Yeye si alikuwa anafundisha madereva wapya?"

Ni kweli. Miaka yake ya mwisho kazini, mzee alikuwa akisimama nyuma ya wanaoanza. Alikuwa na sifa moja iliyowaudhi wote: hakutazama mzigo. Alitazama mkono wa mwanafunzi. Mzigo, alisema, utakwambia kosa likishatokea.

Jumapili, mtoto ameshiba, Feni alikaa kwenye kochi akaichukua pedi. "Baba," alisema, "sikuombi ucheze. Naomba unikague."

Mzee akalipima ombi hilo. Kukagua si kupanda. Akaja, akavuta kiti nyuma ya bega la kulia la mwanawe, fimbo katikati ya magoti. "Endelea," akasema, kwa sauti ambayo Feni hakuwa ameisikia tangu utotoni.

Pikipiki ikaondoka. Ikaruka paa la kwanza, na la pili. Ikaruka lile pana lenye tangi la maji, ikaruka na linalofuata. Haikutumbukia. Feni alitaka kutumbukia, akaona aibu kutumbukia makusudi, na vidole vyenyewe vilikuwa vinakwenda tu, paa baada ya paa.

"Unaona?" mzee akasema kwa upole. "Wewe hutumbukii." Akaegemea fimbo yake, akaanza kuinuka.

Feni hakugeuka. Machozi yalikuwa yamemjaa na hakutaka yaonekane, akaendelea kucheza kwa kuwa hakujua afanye nini kingine. Mlangoni mwalimu alikuwa amesimama na mtoto begani.

Mzee alikuwa nusu amesimama, nusu amekaa. Akabaki hivyo hivyo. Kisha akakaa tena.

"Subiri," akasema. "Rudia lile la tangi."

Feni akarudia.

"Tena."

Akarudia tena.

"Mbona unabonyeza kabla hujafika ukingoni?"

"Sibonyezi kabla, baba. Nabonyeza ukingoni."

"Unabonyeza kabla. Mimi sitazami pikipiki, natazama mkono. Mkono unatangulia."

Feni akakitazama kidole chake mwenyewe, na kweli. Kidole kilikuwa kinakwenda kabla ya paa kwisha. Kilikuwa kimejifunza kufidia ule uchelewaji tangu siku ya kwanza, bila kumuuliza mwenye kidole, ndiyo maana hakuona tofauti. Kidole kizima kina haraka, kinajirekebisha. Cha mzee kilikuwa na mwendo mmoja tu, ule kilioupata upya kwa taabu, na kilijua kubonyeza mahali pamoja tu.

"Acha ujanja," mzee alisema, ameshainama mbele. "Bonyeza ukingoni. Paa likiisha, sio kabla."

Feni akabonyeza ukingoni. Pikipiki ikapitiliza, ikajitutumua hewani, ikatumbukia kwenye shuka za watu.

"Tena."

Ikatumbukia.

"Tena. Unajifanya?"

"Si unatazama mkono, baba?"

Mzee akasogea karibu zaidi. Mkono alikuwa anautazama, na hakuna aliyewahi kumdanganya kwa mkono. Pumzi yake ilikuwa karibu kabisa na sikio la Feni. Pikipiki ikatumbukia tena. "Mwite mama aje," akasema, ingawa mwalimu alikuwa pale pale mlangoni.

Mwalimu akamkabidhi mumewe mtoto, akachukua pedi kama mtu anayeshika samaki. Hakuwahi kuigusa maishani. Mzee alimwonesha kitufe kwa ncha ya fimbo, akamwambia asubiri paa liishe ndipo abonyeze. Mwalimu wa hesabu ukimwambia ukingoni ni ukingoni. Alibonyeza kwa makini, ulimi nje. Ikatumbukia. Akabonyeza tena, ikatumbukia.

Mzee alimtazama mkwewe, akamtazama mwanawe, akautazama ule mkono wake uliolala pajani.

"Basi humu ndani tumepooza wote," akasema.

Mwalimu akaangua kicheko, halafu akajiziba mdomo, maana mabega ya mzee yalikuwa yanatikisika na kwa kitambo hawakujua anacheka au vipi. Alikuwa analia. Alilia bila kuficha uso, kama watu wazima wanavyolia mara chache, na mkono wa kulia aliuinua mwenyewe kutoka pajani, ukapanda ukitetemeka mpaka kifuani.

"Nilikuwa nimeshauaga," alisema. "Kila nikilala naushika na huu mwenzake, nauambia asante kwa kazi."

Feni alipiga magoti na mtoto mikononi. Aliomba msamaha, akarudia, maneno yakamgongana. Hakusema habari za waifai wala kuta. Alisema tu kwamba alitaka nyumba itulie na kila mtu afurahi, na kwamba alimwona anatumbukia na hakukaa chini hata mara moja kutazama kwa nini. Mzee alimwacha amalize.

"Nitakusamehe," akasema mwishowe, akijifuta kwa mkono wa fulana. "Kwanza nenda kanitolee mashine yangu stoo."

"Mtoto je?" Feni akamgeukia mkewe.

"Mtoto atahamia chumba chetu cha nyuma, sisi tutakuja hiki chake," mwalimu alisema. "Unakoroma kuliko hilo jitu, na bado nalala."

Likaletwa, vumbi la ufagio kioo kizima. Likachomekwa kwa waya mfupi mnene, moja kwa moja kwenye runinga, bila kupita hewani popote. Feni alipoliwasha, lilinguruma kama jenereta la jirani, sebule ikajaa ule upepo wa moto, na mtoto akaanza kulia. Mwalimu akambembeleza pale pale, hakuondoka. Mzee aliomba fulana ivuliwe, apewe shati. Akafunga vifungo viwili, vilivyobaki akaviacha, akakaa wima.

Pikipiki ikaondoka. Paa likakaribia kwisha, wote watatu wakakitazama kidole gumba. Kilikuwa kimelala majuma mengi. Kikasitasita, kikajikusanya, kikabonyeza ukingo ukiwa umeshapita, na papo hapo, wakati ule ule kidole kilipogusa, pikipiki ikaruka hewani pasipo na paa, ikatumbukia.

Feni akakunja uso. Mzee alikuwa anatabasamu.

"Hilo," alisema, "lilikuwa kosa langu mwenyewe. Tena."